Vago, Fiaca, Pachorra: Jinsi Kihispania cha Mtaani Kinavyougawa Uvivu

Mwanafunzi wa Kihispania akifungua kamusi kutafuta neno la kumwita mtu mvivu, jibu la kwanza atakalopata ni perezoso, na kwa mtihani wa darasani jibu hilo linatosha. Shida huanza anaposikiliza watu wakizungumza. Madrid atasikia vago, Meksiko atasikia flojo au huevón, Guatemala atasikia haragán, na Buenos Aires atamsikia mtu akisema ana fiaca. Perezoso lenyewe atalikuta zaidi katika maandishi na katika mazungumzo ya staha, pamoja na bustani za wanyama, kwa kuwa ndilo jina la yule mnyama wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini anayening'inia mitini kutwa kucha. Orodha za maneno haya zimejaa kila mahali, na nyingi huyapanga kana kwamba yanatofautiana kwa nchi tu, jambo ambalo ni kweli kwa sehemu ndogo. Tofauti iliyo nzito zaidi iko katika lawama: nani analaumiwa, analaumiwa kwa tabia yake yote au kwa siku moja tu, na yule anayelaumu ana mamlaka gani juu yake.

Sarufi ndiyo inayofungua mlango wa kwanza. Kihispania kina vitenzi viwili vya kuwa, ser na estar. Cha kwanza hueleza alivyo mtu, cha pili hueleza hali aliyo nayo kwa wakati huo. Anayesema es vago ametoa hukumu juu ya tabia, ilhali anayesema hoy estoy vago ametoa taarifa ya leo tu, na kesho anaweza kuamka alfajiri akafanya kazi ya watu wawili bila mtu yeyote kumshangaa. Kijineno un nacho kina uzito wake. Es un vago haimwelezi mtu tu, bali humtia katika kundi la watu wa namna hiyo. Mama anayemwambia mwanawe no seas vago anamhimiza ainuke kitandani. Jirani anayesema ese es un vago amekwisha kufunga jalada.

Njia ya tatu ndiyo inayowavutia wengi wanaojifunza lugha hii, nayo hupita kwenye kitenzi dar, yaani kupa. Me da pereza maana yake neno kwa neno ni kwamba jambo fulani linanipa uvivu. Msemaji hajikiri kuwa mvivu. Kazi, safari au mwaliko ndio unaobeba lawama. Mswahili hapati taabu hapa, kwa sababu anayesema "naona uvivu kwenda sokoni" naye hajajiita mvivu, bali ameuona uvivu kama kitu kilichomjia kutoka nje na huenda kikaondoka baada ya kikombe cha chai. Huko Hispania kauli hiyo hutumika sana kukataa mwaliko miongoni mwa marafiki, na mara nyingi hupokelewa bila kinyongo, ingawa kuitoa mbele ya mwajiri ni jambo jingine kabisa. Kolombia wameisogeza mbali zaidi: qué pereza huko inaweza kumtoka mtu aliyeambiwa kwamba foleni ya benki imezunguka jengo, na anachoeleza ni kero.

Muundo huo wa dar haubadiliki kutoka nchi moja hadi nyingine; kinachobadilika ni nomino inayokaa baada yake. Vijana wa Hispania husema me da palo, Chile na Peru husema me da flojera, Meksiko husema flojera au, kwa ulimi mkali zaidi, hueva, na Argentina pamoja na Uruguay husema fiaca. Aliyeushika muundo mara moja anahitaji kubadilisha neno moja tu kila anapovuka mpaka.

Hata hivyo kuna maneno mawili katika kundi hili yanayohitaji uangalifu. La kwanza ni flojo, ambalo asili yake ni kulegea, kama kamba isiyovutwa au skrubu isiyokazwa. Hispania imebaki karibu na maana hiyo: kahawa hafifu ni floja, na mwanafunzi anayepwaya katika hisabati huambiwa va flojo en matemáticas hata kama anakesha akisoma. Meksiko na katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kihispania, kusema soy flojo ni kukiri uvivu moja kwa moja. Neno la pili ni huevón, linalotokana na huevo, yai, ambalo mtaani ndilo jina la korodani. Picha iliyofichwa ndani yake ni ya mwanamume ambaye mzigo wake mwenyewe umemlemea hata hawezi kuinuka, ingawa siku hizi Meksiko huwaita hata wanawake huevona bila mtu kuifikiria picha hiyo. Huko ni mvivu, tena kwa matusi nusu. Chile neno hilohilo hutamkwa karibu na weón, nalo laweza kuwa rafiki, jamaa fulani au mpumbavu kutegemea sauti iliyotumika, na Peru na Kolombia hulikuta likielea kati ya mjinga na mshikaji. Ushauri wangu kwa mgeni ni kulielewa bila kulitumia.

Fiaca inastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu historia yake inaonekana waziwazi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Buenos Aires ilipokea wahamiaji wengi mno kutoka Ulaya, Waitalia wakiwa ndio wengi zaidi, na watu wa Genoa walijaa katika mtaa wa La Boca kando ya bandari. Mwaka 1928 mwandishi Roberto Arlt, aliyekuwa na safu yake katika gazeti la El Mundo la jijini humo, alieleza kwamba fiaca lilikuwa neno la Wagenoa hao kwa ulegevu wa mwili unaompata mtu aliyekosa chakula kwa muda, ule unaomfanya atamani kulala tu na kutofanya lolote. Kwa hiyo neno ambalo leo linatumika kwa raha ya Jumapili asubuhi lilianza likiwa jina la njaa. Nadhani ndiyo maana limebaki laini hadi sasa. Mtu anayesema tengo fiaca haombi radhi, na anayesema vamos a hacer fiaca anapendekeza starehe, kujinyoosha kitandani na kunywa chai yao ya majani iitwayo yerba mate bila kuangalia saa.

Arlt huyohuyo alilitenga neno hilo na jingine lililotoka Italia, squenun, ambalo alilieleza kwa maneno yanayomaanisha mgongo ulionyooka. Mwenye mgongo ulionyooka ni yule ambaye hajawahi kuuinamisha kazini. Hapa ndipo mstari ulipochorwa: fiaca humjia mtu yeyote, hata mchapakazi, lakini squenun ni mtu mzima aliyechagua kuishi kwa jasho la mama na dada zake. Squenun limefifia katika mazungumzo ya leo, wakati fiaca limeendelea kushamiri.

Buenos Aires pia ina neno atorrante, la kumwita mtu asiye na kazi wala makazi, na siku hizi hata mhuni tu asiye na aibu. Hadithi inayopendwa sana inasema kwamba jina hilo lilitokana na mabomba makubwa ya maji machafu yaliyokuwa yamelazwa barabarani yakisubiri kufukiwa, yakiwa na chapa ya mtengenezaji aliyeitwa A. Torrant, na kwamba watu wasio na nyumba walilala ndani yake. Ni hadithi nzuri, na kwa sababu hiyohiyo inatia shaka. Wataalamu wa kamusi hulihusisha zaidi na kitenzi atorrar, kulala, ambacho kina ndugu zake katika lugha ya mitaani.

Tukirudi Hispania, vago ndilo neno la kila siku, na ndilo lenye rekodi mbaya zaidi. Ndani yake yamekutana maneno mawili ya Kilatini, moja la utupu na jingine la kutangatanga, hivyo mvivu na mzururaji wamekaa chini ya paa moja. Serikali iliutumia mchanganyiko huo. Tarehe 4 Agosti 1933, Bunge la Jamhuri ya Pili ya Hispania lilipitisha Ley de Vagos y Maleantes, sheria ya wazururaji na wahalifu wadogo, ambayo watu waliibatiza jina la utani la la Gandula, yaani mvivu wa kike. Sheria hiyo haikusubiri mtu atende kosa; ilitosha atangazwe kuwa katika hali ya hatari, na miongoni mwa walioorodheshwa walikuwamo wavivu sugu, ombaomba wa kudumu na walevi. Hatua zilizoruhusiwa zilijumuisha kufungiwa katika makambi ya kazi na ya kilimo. Mwaka 1954 utawala wa dikteta Francisco Franco uliongeza wapenzi wa jinsia moja katika orodha hiyo, na baadhi yao walipelekwa kwenye kambi ya kilimo ya Tefía katika kisiwa cha Fuerteventura, mahali pakavu ambapo kilimo chenyewe kilikuwa jina tu. Sheria nyingine ilichukua nafasi yake mwaka 1970. Venezuela ilikuwa na sheria yenye jina lilelile, ambayo Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliibatilisha mwaka 1997, na Cuba ilitunga ya kwake dhidi ya uvivu mwaka 1971.

Msomaji wa Tanzania anayekumbuka kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, watu walipokamatwa katika mitaa ya Dar es Salaam kwa kushindwa kuonyesha kwamba wana kazi, hatahitaji kufafanuliwa jinsi neno la kumsema jirani linavyoweza kugeuka kuwa kifungu cha sheria. Kinachofaa kuangaliwa ni nani hakuguswa nalo. Tajiri wa Andalusia, kusini mwa Hispania, aliyeishi kwa kodi ya mashamba ya babu yake, akaamka saa sita mchana na kushinda klabuni, hakuitwa vago bali señorito, bwana mdogo, neno ambalo wenye njaa walilitamka kwa uchungu na yeye aliliitika kama cheo. Wakati huohuo vibarua waliovuna mizeituni ya ardhi hiyohiyo, walioingia shambani jua likichomoza na kutoka likizama, ndio waliobandikwa sifa ya watu wa kusini wasiopenda kazi. Jambo kama hilo lilijirudia baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008, lilipoenea neno nini, kifupi cha ni estudia ni trabaja, yaani hasomi wala hafanyi kazi. Mwaka 2013, wakati kijana mtafuta kazi mmoja kati ya kila wawili nchini Hispania alikuwa hana ajira, neno hilo lilikuwa likitamkwa kana kwamba tatizo lilikuwa kitanda chake.

Maneno mengine ya kundi hili yanaweza kupitiwa kwa haraka. Gandul limetoka katika Kiarabu cha Andalusia, ghandur, kijana mtanashati anayejipamba na kupendelewa, na katika historia liliwahi pia kuwa jina la askari wa kikosi fulani cha Waislamu wa Granada na Afrika ya Kaskazini. Zángano ni nyuki dume, asiyekusanya asali, na lina ukali uleule ambao neno kupe lilikuwa nao katika hotuba za enzi za Ujamaa. Remolón ni wa nyumbani zaidi: ni yule anayejivuta, aliyeitwa mara tatu akajibu "nakuja" mara tatu, na hakuna anayemchukia kwa hilo. Pia isidhaniwe kwamba wali wa Puerto Rico uitwao arroz con gandules una uvivu wowote ndani yake. Gandules huko ni mbaazi, na neno hilo huhusishwa na Kikongo, lilikovuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani.

Lugha ya kutega kazi ni shamba jingine, na hapa Kihispania kina ufundi mkubwa. Ya kawaida kuliko zote ni no dar palo al agua, kutopiga kasia majini, ambayo huelezwa kwa picha ya mpiga makasia anayejikunja pamoja na wenzake huku kasia lake halilowi. No pegar ni golpe, kutopiga hata pigo moja, ina maana ileile bila bahari. Tumbarse a la bartola ni kujilaza chali pasipo wasiwasi wowote, na huyo Bartola ametokana na Bartolo, kifupi cha jina Bartolomé, mtu wa kubuniwa asiyejali kitu. Escaquearse ndilo ninalolipenda zaidi, kwa kuwa limeanzia kwenye sataranji: escaque ni kiraba kimoja cha ubao, na jeshini kitenzi hicho kilihusu kutawanya kikosi kama vipande vilivyosambaa juu ya ubao. Kutoka hapo likawa neno la askari anayetawanyika yeye peke yake wakati wa kufagia uwanja. Kila familia ya Kihispania ina mtu ambaye vyombo vikianza kuoshwa anakumbuka simu ya kupiga, na anachofanya kinaitwa kwa neno hilo. Cuba picha hubadilika tena: majá ni chatu wa kisiwani humo, na majasear ni kukaa kama yeye baada ya kushiba.

Mbali na anayetega yuko anayelipwa. Nchi kadhaa za Amerika ya Kihispania zimempa mfanyakazi wa serikali anayepokea mshahara bila kuonekana ofisini jina lake maalumu, na majina haya hayawezi kubadilishana mahali. Argentina anaitwa ñoqui. Huko ni desturi kula ñoquis, vidonge vya viazi na unga vilivyoletwa na Waitalia, kila tarehe 29 ya mwezi, na mtu huyu naye hujitokeza tarehe hizohizo, mishahara inapokaribia. Meksiko anaitwa aviador, rubani, kwa sababu hutua mara moja kuchukua fedha kisha huruka tena. Panama, na Cuba ya kabla ya mapinduzi, iliziita nafasi hizo botellas, chupa. Tanzania ilipowasaka wafanyakazi hewa mwaka 2016 ilikuwa ikishughulika na jambo la jirani, lakini si lilelile: mfanyakazi hewa anaweza kuwa marehemu au jina tupu katika orodha, ilhali ñoqui yupo, ana afya njema, ana mjomba katika chama, na pengine unamfahamu kwa sura.

Hadi hapa tumezungumzia wasiofanya. Wanaofanya polepole wana msamiati wao, na kosa la kawaida la orodha za mtandaoni ni kuwachanganya na wavivu. Pachorra na cachaza hutaja utulivu wa mtu asiyeweza kuharakishwa na kitu chochote, na neno moja linaweza kuwa sifa au lawama kutegemea aliyesimama nyuma yake kwenye foleni. Fundi anayepima ubao mara nne kabla ya kuukata ana pachorra. Mwenye haraka atalisema neno hilo kwa meno yaliyobanwa, na mwenye ubao atalisema kwa shukrani. Calma chicha ni la mabaharia, hali ya bahari shwari isiyo na upepo hata kidogo, ambayo kwa jahazi si raha bali ni kukwama, na ndiyo sababu hutumika pia kwa mtu aliyezubaa hata hasogei.

Barabarani mambo huwa makali zaidi. Dereva anayekwenda taratibu mno huambiwa va pisando huevos, anakanyaga mayai, na hapa mayai ni mayai halisi. Mtu aliyezubaa katikati ya mazungumzo está empanado, amevingirishwa unga wa mkate kama kipande cha nyama kinachosubiri kukaangwa. Na yeyote anayechelewa katika jambo lolote ni más lento que el caballo del malo, mzito kuliko farasi wa mwovu, kwa kuwa katika filamu za makauboi wa Marekani farasi wa adui lazima afikiwe kabla filamu haijaisha.

Ucheleweshaji wa ofisini una hati yake ya kuzaliwa. Mwaka 1833 mwandishi wa Hispania Mariano José de Larra alichapisha kisa cha mgeni kutoka Ufaransa, aliyempa jina la kejeli Monsieur Sans-délai, Bwana Bila Kuchelewa, ambaye alifika Madrid akiwa amepanga kumaliza shughuli zake katika siku 15 na akaondoka baada ya miezi 6, kila mlango ukiwa umempa jibu moja: vuelva usted mañana, rudi kesho. Kauli hiyo bado inatajwa Hispania kila dirisha la ofisi linapofungwa mapema, na wasomaji wetu wanayo ya kwao iliyo karibu kabisa na hiyo. Meksiko jibu limekuwa na adabu zaidi, ahorita, yaani "sasa hivi" iliyopunguzwa ikawa ndogo na tamu, ambayo inaweza kuwa dakika hii, jioni, au isiwe kamwe. Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika neno hilohilo lina maana ya baadaye, na mgeni aliyejifunzia Kihispania chake Meksiko husubiri kwa matumaini yasiyo na msingi.

Upo pia polepole wa makusudi, ambao hauna uvivu wala utulivu. Wafanyakazi wasioweza kugoma waziwazi huja kazini kwa wakati, hukaa mahali pao, na kufanya kila kitu kwa mwendo wa kobe, hatua ambayo nchi nyingi za Kihispania huiita operación tortuga, na ambayo Kiswahili huiita mgomo baridi. Hispania wana namna yake ya kisheria zaidi, huelga de celo, mgomo wa bidii, ambapo kila kanuni hutekelezwa kwa ukamilifu hadi shughuli zote zikakwama, kila mzigo ukifunguliwa, kila fomu ikisomwa hadi nukta ya mwisho. Argentina husema trabajo a desgano, kazi isiyo na hamu. Meneja anayewaita watu hao vagos hupata tabu kuthibitisha, kwa maana wote wako kazini na hakuna kanuni hata moja waliyoivunja.